Ombi la ushauri: Ramani za zamani za Mto Kankakee (Indiana) hazilingani

Mchora_Mito: Ndugu wanajamvi, heshima kwenu. Ninasoma jiografia huku Indiana, Marekani, na nimepewa kazi ya kufuatilia makazi ya kando ya Mto Kankakee kwa kutumia ramani. Mchoro wa wapimaji ardhi wa karne ya 19 unaonyesha mto unaojipinda kama nyoka katikati ya kinamasi, ilhali karatasi ya ramani ya USGS (shirika la serikali ya Marekani linalochora ramani) ya skeli 1:24,000 inaonyesha mfereji ulionyooka kama rula. Nimezipandanisha kwenye kompyuta kwa kufuata mikunjo ya mto, zikakataa kukaa pamoja. Isitoshe, kuna kijiji kinachoitwa English Lake, na ziwa lenyewe silioni. Niamini ipi?

Mzee_wa_Kontua: Mkuu, amini zote, kila moja kwa wakati wake. Upande wa Indiana mto huo ulinyooshwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kinamasi kikauke kilimwe. Ziwa unalolitafuta lilikuwa sehemu pana ya mto, pale mto mwingine, Yellow River, unapoingia. Lilikauka, likaacha jina. Hebu fuata mto hadi uvuke mpaka wa Illinois: utauona unaanza kujipinda tena, kwa kuwa huko haukunyooshwa hivyo.

Binti_Ramani: Kosa ni kushika kitu kilichohama. Shika mistari ya upimaji: kila eneo la maili 6 kwa 6 liligawanywa vipande 36 vya maili moja ya mraba, na barabara nyingi za mashambani zinafuata mipaka hiyo hadi leo. Chagua makutano matano yaliyo mbalimbali, na uiambie programu kwamba karatasi ya USGS imetumia mfumo wa viwianishi (namba za kuonyesha mahali) wa 1927, kama pambizo yake inavyosema.

Kibandani: Ukiwa hapo kwenye pambizo, tofautisha mwaka wa kupima na mwaka wa kuchapa. Rangi ya zambarau kwenye karatasi hizo za USGS ni masahihisho yaliyotolewa kwenye picha za angani, mara nyingi bila mtu kukanyaga eneo. Mimi huyatilia shaka.

Mchora_Mito: Nashukuruni sana. Nimetumia makutano matano na ramani zimekaa. Vidimbwi vyenye umbo la mwezi mchanga kando ya mfereji, ambavyo nilidhani ni mabwawa ya wakulima, vimeangukia juu ya mikunjo ya mto wa zamani.