Naomba ushauri: bunduki ya Beretta A400 au Benelli M2 kwa mashindano ya visahani?

Hamjambo wenzangu. Niko Nairobi, nalenga visahani (vya udongo, vinavyorushwa hewani) mwaka wa pili sasa, na bunduki ya mitutu miwili ya kuazima imenichosha. Nataka yangu ya marisau, kipimo cha 12 (upana wa mtutu), inayojijaza yenyewe. Maombi ya leseni kwa Bodi ya Leseni za Silaha nitayapeleka nikishaamua.

Moyo wangu uko kwa A400. Inatumia gesi ya risasi yenyewe, hivyo teke lake ni pole. Siku ya kupiga risasi 100, bega langu (nilishawahi kulivunja kwa bodaboda) litanishukuru. Lakini gesi huacha masizi, na mimi kusafisha ni mvivu. M2 haitumii gesi, hukaa safi na ni nyepesi, ila wepesi huohuo hufanya teke liwe kali. Pia nasikia risasi hafifu, zenye marisau ya gramu 24, huisumbua kujijaza.

Walio nazo, mtutu wa inchi 28 au 30? Na nani Nairobi hurekebisha kitako kikae sawa begani? Mikono yangu ni mifupi.