Nyumba inatikisika tangu wapasue miamba kutafuta gesi, nihame?

Bonde_Tulivu: Wakuu, sina usingizi. Karibu na kwangu walichimba kisima cha gesi, wakapasua miamba kwa maji ya presha kali. Tangu mwaka juzi ardhi inatetemeka usiku, na ukuta wa chumba cha watoto una nyufa. Nihame au nivumilie?

DadaReha: Pole sana. Hama, watoto kwanza.

FundiTofali: Nyufa zimekaa kama ngazi? Mimi nililaumu malori miaka mitatu kumbe msingi. Linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, uliweka?

Mzee_Kobe: Tunaitoboa ardhi kama chekeche, halafu tunaishangaa ikilalamika. Tamaa!

JiweGumu: Naona chai hapa. Kupasua kisima kimoja ni kazi ya siku au wiki kadhaa, wanafungasha. Lile tetemeko la Lancashire, Uingereza, Agosti 2019, ukubwa 2.9, lilikuja siku chache tu baada ya kusukuma maji. Mwaka juzi mpaka leo? Mwandishi amejisahau.

Bonde_Tulivu: Si chai! Haya, nafunguka. Kupasua walishamaliza. Sasa malori yanaleta maji taka ya visima vingine, yanasukumwa chini humo humo. Na shamba ni langu. Nalipwa kwa kila lori.

Mzee_Kobe: Ahaa.

JiweGumu: Basi niwie radhi, sasa inaingia akilini. Oklahoma, Marekani, ilitikiswa zaidi na maji ya namna hiyo, mengi ni ya chumvi yanayopanda na mafuta. Ukiyasukuma miaka, presha inasambaa hadi kwenye ufa wa kale, inalegeza mkandamizo ulioubana, miamba inateleza. Huko huko Pawnee, Septemba 2016, tetemeko lilifika ukubwa 5.8. Walipopunguza kusukuma, matetemeko yakapungua.

Bonde_Tulivu: Yangu ni madogo. Wameleta karatasi: watakarabati ukuta, mimi nisidai tena. Ada za watoto zinatoka humo. Nikikataa watahamia kwa jirani, nitatikiswa bure.

DadaReha: Umeshasaini?

Bonde_Tulivu: Ukurasa wa kwanza tu.

JiweGumu: Ishia hapo, mwanasheria aione. Andika tarehe na saa ya kila mtikisiko, piga picha nyufa ukiweka rula pembeni, dai rekodi za kiasi cha maji na presha. Na wakizima pampu leo usitegemee utulivu kesho. Presha huendelea kutembea huko chini.

Bonde_Tulivu: Rekodi sijawahi kuomba. Kesho asubuhi naenda.

FundiTofali: Mkuu, linta hujanijibu. Watoto wanalala chini ya ukuta huo.