Tovuti ya nchi nyingi: domeni ya kila nchi, sabdomeni au folda?

SpeaMtandaoni
Wakuu, habari za leo. Kuna duka la spea za magari Kariakoo, tovuti yake ni .co.tz, kurasa 400, zote za Kiswahili. Sasa linataka wateja wa Nairobi (Kiingereza na Kiswahili) na Lubumbashi (Kifaransa na Kiswahili). Mwandishi wa maudhui ni mmoja tu. Ipi inafaa: domeni ya kila nchi, sabdomeni (kama ke.duka.com), au folda ndani ya domeni moja (kama duka.com/ke/)?

Nguzo_Ilala
Kwa kutambulisha nchi, hakuna kinachoishinda domeni ya nchi. Google ikiona .co.ke inajua ni Kenya kabla haijasoma neno. Ubaya wake uko hapo hapo: .co.tz yako imeshahesabiwa kuwa ya Tanzania, kwa hiyo folda ya /ke/ chini yake inapingana na jina la domeni. Wala usihangaike kutafuta kile kitufe cha kuchagua nchi kwenye Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti. Kiliondolewa mwaka 2022. Domeni tatu ni ada tatu kila mwaka, na kila mpya inaanza sifuri kwa viungo kutoka tovuti nyingine. Kwa mwandishi mmoja, huo ni mzigo.

Bint_Upanga
Mimi niko upande wa folda, lakini kwenye .com: /tz/, /ke/, /cd/. Kiungo kinachopatikana na ukurasa mmoja kinainufaisha domeni nzima. Sabdomeni ningeichagua pale tu kila nchi inapokuwa na seva yake au mfumo wake wa duka. Ukihama, elekeza kwa 301 (amri ya seva inayompeleka mgeni kutoka anwani ya zamani hadi mpya) ukurasa kwa ukurasa: plagi za Corolla ziende kwenye plagi za Corolla. Ukizirundika zote 400 kwenye ukurasa wa mwanzo, Google itazichukulia kama kurasa zisizokuwepo na nafasi zake zitapotea. Hizo 301 zikae angalau mwaka mmoja, na .co.tz uendelee kuilipia.

Fundi_Sinza
Dada, hapo kwenye kuhama sikubaliani nawe. Kurasa 400 zinazoleta wateja wa Tanzania zisumbuliwe za nini? .co.tz ibaki na Tanzania, .com ibebe /ke/ na /cd/. Hreflang, yaani alama inayoiambia Google ukurasa una matoleo gani ya lugha na nchi nyingine, inafanya kazi hata kati ya domeni mbili, mradi kila upande umtaje mwenzake. Hapa ndipo wengi wanapoanguka: ukurasa wa Tanzania unautaja wa Kenya, wa Kenya haurudishi, Google inaipuuza jozi hiyo. Kila ukurasa ujitaje wenyewe pia, kwa anwani kamili kuanzia https.

Misimbo ni lugha kwanza, nchi baadaye: sw-TZ, en-KE, fr-CD, na x-default kwa asiyeangukia popote. Kuandika TZ peke yake ni kosa, kwa kuwa nafasi ya kwanza ni ya lugha. Na muwe macho na Kongo: CG ni ya Brazzaville, Lubumbashi iko CD.

Halafu kuna tagi ya kanonikali, inayosema ukurasa upi ndio wa asili. Ukurasa wa Kenya ukiwa na kanonikali inayoelekeza kwenye wa Tanzania, umeshaiambia Google kwamba ule wa Kenya ni nakala tu. Kila toleo lijielekeze lenyewe.

Bint_Upanga
Sawa mkuu, kwa duka hili .co.tz ibaki. Ila sw-KE (Kiswahili cha Kenya) ningeiacha kwanza. Maelezo yakiwa yale yale, Google inaweza kuzichukua kurasa mbili kama moja, na mteja wa Nairobi akaona bei ya TZS kwenye matokeo. Toleo la pili la Kiswahili liwe na sababu: bei kwa KES, namba ya simu ya Kenya, siku za usafirishaji. Kifaransa nacho usikimwage kutoka kwenye mashine ya kutafsiri ukakiacha hivyo. Mtu wa Lubumbashi anatafuta "plaquettes de frein", na ukurasa uliobaki na menyu na maelezo nusu ya Kiswahili unaichanganya Google, maana lugha inaitambua kwa maandishi yanayoonekana, si kwa tagi.

Nguzo_Ilala
Tafadhali sana, usimhamishe mtu kwa nguvu kwa kuangalia IP, ile anwani ya mtandao inayoonyesha yuko nchi gani. Googlebot, programu ya Google inayosoma kurasa, inaingia zaidi kwa anwani za Marekani. Ukiweka kanuni kwamba kila aliye nje ya Tanzania apelekwe kwenye Kiingereza, kurasa zako za Kiswahili hazitasomwa. Weka utepe juu ya ukurasa, "Uko Kenya? Tazama bei kwa KES", wenye kiungo cha kawaida, mteja achague mwenyewe.

SpeaMtandaoni
Asanteni sana. Basi naanza na sw-TZ, en-KE na fr-CD. Hreflang niziweke kwenye HTML (msimbo wa ukurasa wenyewe) au kwenye saitimapu (faili la orodha ya kurasa zote)?

Fundi_Sinza
Saitimapu. Kurasa 400 kwa matoleo matatu ni anwani 1,200, mbali sana na kikomo cha 50,000 kwa faili moja, na ukibadili kitu huigusi templeti. Thibitisha domeni zote mbili kwenye akaunti moja ya Search Console. Hreflang usiziweke kote kuwili, HTML na saitimapu. Zikianza kutofautiana utapata taabu kujua kosa liko wapi. Na tafsiri kwanza bidhaa 20 zinazouzika zaidi, uziingize hizo tu. Hreflang inayoelekeza kwenye ukurasa wenye 404 (usiopatikana) ni jozi iliyovunjika.