Mwanga unapanda hata bila ATP: helikesi ya NS3 ya Zika

Pipeti_Kampala
Wadau wa maabara, salamu. Tunapima helikesi ya NS3 ya virusi vya Zika, yaani kimeng'enya kinachofungua nyuzi mbili za RNA kwa nishati ya ATP; ni kipande cha helikesi peke yake bila protiezi (sehemu inayokata protini), kilichozalishwa kwenye E. coli. Sabstreti ni RNA ya jozi 18 yenye mkia wa uzi mmoja. Uzi mfupi una rangi ya Cy3, uzi mrefu una kizima-mwanga. Zikiachana, mwanga unapanda. Kila kishimo kina mikrolita 50: bafa ya Tris pH 7.5, MgCl2 milimola 5, ATP milimola 1, NaCl milimola 150, RNA nanomola 10, protini nanomola 100, joto 30°C. Vishimo visivyo na ATP vinapanda karibu sawa na vyenye ATP. Lengo letu ni kuchuja dawa za mimea, mululuza ikiwemo. Kasoro iko wapi?

BafaBaridi
Anza kushuku RNase, kimeng'enya kinachokata RNA. RNA ikikatwakatwa, Cy3 inaachana na kizima-mwanga vilevile, na mashine haijui tofauti. Weka kizuia-RNase, yuniti 1 kwa mikrolita. Ila angalia: vile vya kawaida vinashika jamii ya RNase A tu, wakati RNase I ya E. coli inapita. Kwa hiyo mwanga ukiendelea kupanda, bado hujasafisha jina la protini yako.

Kipimo kisichodanganya ni jeli ya akrilamaidi 15% isiyo na urea, ikiendeshwa kwenye baridi. Simamisha mmenyuko kwa EDTA milimola 20 na SDS 0.5%, kisha pakia kando yake sabstreti iliyochemshwa. Uzi uliofunguliwa unalala sawa na huo uliochemshwa. Uliokatwa unakimbia chini zaidi. Zalisha pia NS3 ambayo laisini ya GKT (mahali ATP inaposhikwa) imegeuzwa alanini, isafishe kwa njia ileile. Hiyo haiwezi kuvunja ATP, kwa hiyo ikiwasha mwanga mwingi, uchafu umetoka kwenye usafishaji. Rudia safu ya nikeli ukiiosha kwa NaCl mola 1.

Na msitie DEPC (kemikali ya kuua RNase) kwenye Tris, zinakulana. Tibu maji kwanza, yachemshe kwenye otoklevu, ndipo uyeyushe Tris.

Ncha3
Hayo ni sawa, lakini vishimo vyenye ATP navyo vilitakiwa kuzidi. Mkia uko ncha ipi?

Pipeti_Kampala
Ncha ya 5′. Tuliiga mchoro wa nsp13, helikesi ya korona.

Ncha3
Basi hapo hakuna kazi ya helikesi mnayoiona. nsp13 hupanda uzi kutoka 5′ kwenda 3′. NS3 ya Zika, kama ya dengi, Nile Magharibi na homa ya ini C, hutembea 3′ kwenda 5′, kwa hiyo inahitaji mkia upande wa 3′, nukleotidi 15 hadi 20. Agizeni uzi mrefu upya; ule mfupi unabaki, mradi Cy3 yake iangaliane na kizima-mwanga cha uzi mpya.

Mkishapata, shusheni NaCl chini ya milimola 30, maana chumvi inaing'oa protini kwenye RNA. Hesabuni na ile inayoingia na protini: mikrolita 2 za stoki yenye milimola 300 zinaleta milimola 12. Magnesi nayo imezidi. Inayobaki bila kushikwa na ATP inakaza nyuzi mbili, milimola 1.5 hadi 2 inatosha. Ongezeni uzi wa kunasa wa DNA unaolingana na ule mfupi, mara 5 ya sabstreti, la sivyo nyuzi zitarudiana na mwanga utashuka. Uingie pamoja na ATP, na kuwe na kishimo chenye uzi huo bila ATP, kwani ukizidi unaweza kuvamia sabstreti wenyewe.

MizizinaMajani
Kuhusu mululuza: maji ya majani yana rangi inayomeza mwanga, na tanini hushika karibu kila protini. Kabla ya kufurahia «kizuizi», changanya dawa na uzi mfupi wa Cy3 peke yake. Mwanga ukishuka, hiyo ni rangi tu. Weka sabuni ya Tween-20 0.01% kuzuia mabonge, kisha ongeza magnesi kidogo kidogo: kazi ikirudi, huenda dawa ilikuwa inaishika magnesi, si helikesi. Inayovuka hapo, ipime pia kwenye helikesi nyingine isiyo ya virusi. Ikizuia zote mbili, weka kando.