Ushauri: ukuta wa nje wa paja una milimita 19, je, mvunjiko huu ni imara?

Dokta_Mdogo
Wakuu, habari za kazi. Nina mgonjwa, bibi wa miaka 78, ameanguka na kuvunjika nyonga. Mvunjiko unapita kati ya trokanta kubwa na ndogo, yaani vile vinundu viwili vya juu ya mfupa wa paja. Kwenye eksirei ya mbele nimepima unene wa ukuta wa nje wa mfupa wa paja nikapata milimita 19. Trokanta ndogo haijabanduka. Wenzangu wanasema ni imara, awekewe bamba na skrubu inayoteleza. Mimi nasita. Ninyi mngeamuaje?

Nyundo
Umepimia wapi, mkuu? Anzia kwenye kinundu cha trokanta kubwa, shuka sentimita 3, kisha piga mstari wa nyuzi 135 kupanda hadi ukutane na mvunjiko. Mgawanyo wa AO/OTA wa 2018, ule mfumo wa kimataifa wa kupanga aina za mivunjiko, uliweka mpaka kwenye milimita 20.5. Chini ya hapo ni A2, yaani kundi ambalo ukuta wa nje hauaminiki, hata kama picha inaonekana nzuri. Ukuta mwembamba hupasuka wakati wa kutoboa njia ya skrubu, na ukishapasuka, hakuna kinachozuia kipande cha juu kisiteleze kwenda nje.

Dokta_Mdogo
Nilipimia hapo hapo. Ila mguu ulikuwa umegeukia nje, maumivu yalimzidi.

Dada_Eksirei
Basi rudieni picha. Mpeni dawa ya maumivu kwanza, tafadhali, kisha daktari auvute mguu polepole na kuuzungusha ndani kama nyuzi 15. Mguu uliogeuka huficha sura ya mvunjiko. Halafu, mliweka kipimo cha kusahihishia ukubwa? Eksirei hukuza mfupa. Kama hamkusahihisha, ukuta halisi ni mwembamba kuliko hizo 19.

Dokta_Mdogo
Hatukuweka, dada. Kumbe!

Kijana_wa_Wodi
Samahani, kipimo hiki kinafaa pia kwa shingo ya paja?

Nyundo
Hapana. Huko tunaangalia pembe ya Pauwels, yaani mwinamo wa mstari wa mvunjiko kutoka usawa wa mlalo: ikizidi nyuzi 50, mvunjiko unasukumwa kuteleza. Usiache picha ya ubavu pia, kichwa cha mfupa wa paja kikiinamia nyuma nyuzi 20 au zaidi ni hatari hata kama picha ya mbele imetulia.

Dokta, kwa bibi huyu ningechagua msumari wa ndani ya mfupa. Chochote mtakachoweka, pimeni umbali wa ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa cha paja kwenye picha zote mbili, ya mbele na ya ubavu, mjumlishe. Usifike milimita 25.