Almasi inakatwa na nini kama ndo ngumu kuliko vyote?

mwana_chumbageni: Wakuu habari, nipo Tanga hapa, mawe ya vito ya Bonde la Umba mafundi wanayachonga kwa unga wa almasi, sasa hiyo almasi yenyewe inachongwa na nini?

fundi_mawe: Almasi kwa almasi mkuu. Ugumu wake haulingani pande zote, kuna upande unasagika na kuna upande hausagiki kabisa, sasa unga una chembe zimelala kila upande kwahiyo zipo zitakazouma tu. Unachanganywa na mafuta unapakwa kwenye sahani ya chuma inayozunguka, Ulaya wanafanya hivyo tangu karne ya 15. Kupasua ni habari nyingine, ukipata mkondo wake, yaani upande inakopasukia kirahisi, unagonga mara moja inaachia, ukikosea umeua mzigo.

bi_ngamiani: Na hasara yake jamani! Ile ya pinki ya mgodi wa Mwadui, 1947, ilikuwa karati (kipimo cha uzito wa vito) 54.5, wakaichonga London ikabaki 23.6 🙆🏾‍♀️

mwana_chumbageni: Duh! Siku hizi si leza lakini?

fundi_mawe: Leza inakata vipande tu, kung'arisha bado ni sahani. Hesabu za pembe za kuchonga alizipiga mhandisi mmoja wa Ubelgiji, Tolkowsky, 1919, ukichonga kina kikazidi au kikapungua mwanga unavujia chini, jiwe linakuwa kama kipande cha chupa.