Mzee wetu anatumaliza kwa barua pepe, nimwambieje?

Naombeni ushauri. Sisi ni mawakala wa forodha hapa Mombasa, tuna anwani moja ya barua pepe ya kupashana habari: meli imechelewa kutia nanga Kilindini, ushuru umebadilika, mambo kama hayo. Sasa kuna mzee mmoja, ndiye aliyenifunza kazi, adhuhuri haifiki kashatuma barua kumi. Mtu akiuliza swali dogo, yeye huwajibu wote: "Shukran." Kisha "Amin." Kisha picha ya mahamri ya nyumbani kwake (mazuri, sikatai). Juzi ilani muhimu ilizama humo, kontena la mteja wangu likalala bandarini na gharama juu. Ningezichuja barua zake kwenye Gmail zisinifikie, lakini msimamizi wa anwani hiyo ni mimi. Nimwendee nyumbani, au nimwandikie faraghani? Sitaki aone namvunjia heshima.